MIZANI NA HAKI YA ANAYEPIMWA

(Hotuba iliyosomwa na Katibu wa Umoja mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya Umoja wetu)



Wasemaji walionitangulia wamekwisha kueleza habari za ghala, za malori na za bei, nao wamezieleza vizuri kuliko niwezavyo mimi. Kwa hiyo sitazirudia. Mimi nimeombwa na vijana wa vyama vyetu niseme juu ya jambo ambalo wazee wengi hapa hawajapata kuliona, ingawa limekwisha kuingia katika nyumba zao. Jambo lenyewe ni masoko ya kazi ya intaneti, na namna masoko hayo yanavyowapanga wauzaji kwa madaraja. Swali nililopewa ni fupi: Je, upangaji huo ni wa haki?

Mimi si mtaalamu wa mashine. Elimu yangu ni ya shule ya sekondari, na kazi yangu ni kalamu na daftari. Lakini mtu aliyekaa miaka mingi karibu na mizani ya kahawa hujifunza jambo moja juu ya kupima, nami nililijifunza kwa kukosa. Naomba niwasimulie kosa hilo kwanza.

Katika mwaka wangu wa kwanza wa ukarani, katika chama kimoja cha msingi, nilibuni daftari la alama. Kila mwanachama aliyeleta kahawa mbivu nilimwandikia alama za usafi wa kahawa yake, alama za kuwahi saa za mapokezi, na alama za kutokosa siku. Mwenye alama nyingi aliitwa kwanza siku ya malipo, na jina lake likatangulia katika orodha ya mbolea ya mkopo. Nilijiona nimefanya jambo kubwa la maendeleo. Msimu ulipokwisha, mama mmoja mjane akawa wa mwisho katika orodha, na mbolea ikaisha kabla jina lake halijafikiwa. Alikuja mezani pangu bila kelele, akaniuliza, “Mwanangu, nimekosa nini?” Nikamwonyesha kwamba alikuwa amechelewa mara tisa. Akasema, “Shamba langu liko ng’ambo ya mto. Mto ukijaa, nangoja upungue. Sasa niambie, daftari lako lapima kahawa yangu, au lapima mto?”

Sikuwa na jibu. Kahawa yake ilikuwa safi kuliko ya wengi waliomtangulia. Daftari lile nililiacha, lakini mbolea ya mwaka ule mama yule hakuipata, na mavuno yake yakapungua. Tangu siku ile, kila nionapo watu wamepangwa kwa alama, huuliza kwanza ni kitu gani kilichopimwa.

Sasa nije kwenye masoko yenyewe. Zamani mtu aliyetaka kazi ya kufasiri, ya kuchora au ya kutunza hesabu alikuwa hana budi kwenda mjini na kubisha hodi katika ofisi za watu. Siku hizi kijana aweza kukaa kijijini, akiwa na kompyuta na mtandao, akamfanyia kazi mtu aliyeko London au Chicago, wala wasionane maisha yao yote. Mahali wanapokutania ni masoko haya. Yajulikanayo sana ni Fiverr, lililoanzishwa nchini Israeli mwaka 2010, na Upwork, lililopata jina hilo mwaka 2015 baada ya kampuni mbili za Marekani, Elance na oDesk, kuungana. Katika nchi jirani ya Kenya serikali ilianzisha mpango uitwao Ajira Digital mwaka 2016, ili kuwafundisha vijana kutafuta kazi za namna hii. Basi si jambo la watu wachache.

Fikirini sasa hali ya mteja. Anatafuta mfasiri, naye analetewa orodha ya mamia ya watu. Hawezi kuwachunguza wote. Atawatazama walio juu, na katika hao atamchagua mmoja. Kwa hiyo yeye apangaye orodha ndiye hasa agawaye kazi, hata kama mwenyewe asema kwamba kazi yake ni kuwakutanisha watu tu. Kushuka kutoka ukurasa wa kwanza hadi ukurasa wa kumi ni sawa na kufungiwa duka.

Lakini yatupasa kusema kweli pande zote mbili. Kupanga wauzaji kwa sifa si uovu. Tangu soko la eBay lilipowapa watu njia ya kuandika maoni juu ya wenzao mwaka 1996, maoni hayo ndiyo yaliyowawezesha watu wasiojuana kuaminiana. Kijana asiye na mjomba katika ofisi kubwa, wala cheti cha chuo kikuu, aweza kupata kazi kwa sababu wateja waliotangulia walimsifu. Hiyo ni neema, na asiyeikubali hatawatendea haki waliofaidika nayo. Tena mteja naye ana haki ya kukingwa na mwongo na mzembe. Ubaya haupo katika kupima. Upo katika namna ya kupima, nami nitataja mambo manne.

Jambo la kwanza ni kipimo kilichofichwa. Katika Upwork muuzaji huwekewa alama ya mafanikio kwa asilimia, na afikishaye 90 au zaidi aweza, akitimiza na masharti mengine, kuingia katika daraja la wenye sifa ya juu. Lakini katika hesabu ya alama hiyo yamo pia maoni ya siri ambayo mteja huyaandika kwa soko peke yake, na muuzaji haonyeshwi. Aweza kusifiwa mbele ya watu, kisha alama yake ikashuka, naye asijue ni nani aliyemtia ila wala ila yenyewe ni ipi. Fiverr nalo lilibadili utaratibu wake mwaka 2024, likaleta alama ya mafanikio ya kuanzia 1 hadi 10. Wauzaji wengi walilalamika kwamba wanaambiwa mambo yanayotazamwa, lakini hawaambiwi kila jambo lina uzito gani. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Hatim Rahman, alichapisha mwaka 2021 uchunguzi wake juu ya soko mojawapo la namna hii lililoficha kipimo chake. Alieleza kwamba baadhi ya wafanyakazi walibaki wakijaribu mbinu hii na ile, na wengine wakapunguza kazi zao kwa kuogopa alama zisishuke. Mtu asiyejua kilichomshusha hawezi kujirekebisha, bali atabaki kukisia.

Jambo la pili ni kumpima mtu kwa lisilokuwa lake. Kijana mmoja wa eneo letu hufanya kazi ya kufasiri katika soko ambalo sitalitaja. Mwaka jana umeme ulikatika kwetu siku mbili, kazi yake ikachelewa, daraja lake likashuka, na maombi ya kazi yaliyokuwa yakija kila juma yakakoma. Aliandika kueleza, akapata jibu la upole ambalo laonekana lilikuwa limekwisha kutungwa kabla yeye hajauliza. Alipolisoma mbele yangu nilimkumbuka mama yule wa ng’ambo ya mto. Kazi ya kijana haikuwa mbovu. Kilichopimwa ni nguzo za umeme.

Tena liko lisilo la mtu kuliko hata umeme, nalo ni sura yake. Mwaka 2017 wachunguzi walioongozwa na Anikó Hannák walichapisha matokeo ya kuyachunguza masoko ya TaskRabbit na Fiverr. Waligundua kwamba jinsia na rangi ya mtu, kama zilivyoonekana katika picha yake, zilihusiana na maoni na alama alizopewa. Ikiwa mteja ana chuki moyoni, chuki hiyo huingia katika nyota atoazo, nayo mashine hujumlisha nyota bila kuuliza zimetoka wapi. Kisha hesabu hutoka ikiwa safi, kana kwamba haikuguswa na mkono wa mtu.

Jambo la tatu ni mgeni. Sifa hupatikana kwa kufanya kazi, na kazi hupatikana kwa kuwa na sifa. Basi asiye na mojawapo ataanzia wapi? Mtaalamu wa uchumi Amanda Pallais alilijaribu jambo hili katika soko la oDesk, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2014. Aliwachagua kwa bahati nasibu watu 952, akawaajiri kwa kazi fupi ya kuingiza maandishi katika kompyuta, akawaandikia maoni. Baadaye watu hao walipata kazi na mapato zaidi kuliko wenzao ambao hawakuchaguliwa. Oneni basi: hawakuwa hodari kuliko wenzao, kwa maana walichaguliwa kwa bahati tu. Walichopata ni mtu wa kwanza kuwajaribu na kusema lililo kweli juu yao. Soko linalowatazama waliokwisha kujulikana peke yao hupoteza watu wema wengi, na hasara hiyo haionekani katika daftari lolote.

Jambo la nne ni haki ya kupimwa tena. Katika Upwork wale waliofika daraja la juu huruhusiwa, kwa masharti fulani, kuomba maoni ya kazi mojawapo yaondolewe katika hesabu ya alama zao. Ni jambo jema. Lakini tazameni apewaye. Aliye juu akijikwaa mara moja hunyoshewa mkono. Aliye chini, ambaye kosa moja lamwangusha kabisa, hana msamaha wa namna hiyo. Sisi tungemwonaje karani ambaye angekubali kurudia mizani kwa wenye mashamba makubwa tu?

Najua jibu la wenye masoko. Husema: tukieleza kanuni zetu zote, wadanganyifu watazitumia, watanunua sifa za uongo na kujipandisha juu. Jibu hilo lina kweli ndani yake, maana sifa za kununua zipo. Lakini yatupasa kutofautisha kufuli na mizani. Mlinzi wa ghala haonyeshi watu ufunguo wake, na hakuna amlaumuye kwa hilo. Mizani lakini huwekwa uani, mbele ya macho ya watu wote. Madaraja ya kahawa yanajulikana na kila mkulima, wala hatukuyaficha kwa sababu wamo watu watiao mawe katika magunia. Mtia mawe hutafutwa na kuadhibiwa. Mizani hubaki wazi kwa ajili ya wengine wote.

Wala haya si maneno ya ndoto. Umoja wa Ulaya ulitunga sheria, nambari 2019/1150, iliyoanza kutumika tarehe 12 Julai 2020. Iliyataka masoko ya intaneti yaeleze mambo makuu yanayoamua nani awe juu na nani awe chini, na kwa nini mambo hayo yamepewa uzito kuliko mengine. Iliyataka pia yampe muuzaji sababu kwa maandishi yanapomzuia au kumfungia, na yawe na mahali pa kusikiliza malalamiko yake. Hata hivyo haikuyalazimisha kutoa kanuni zao za ndani ambazo mdanganyifu angezitumia kuwahadaa walaji. Ndiyo tofauti ile ile ya kufuli na mizani. Lakini sheria hiyo iliwekwa kwa ajili ya wauzaji wakaao Ulaya wanaowauzia walaji wa Ulaya, na kijana wetu haikumfikia.

Ndugu Wanachama, kilio hiki si kigeni kwetu. Wale mafundi na wafumaji wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao mwaka 1844, walisifika kwa kuuza chakula safi kwa vipimo vya kweli. Hapa kwetu, wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walilalamika katika miaka ya mwanzo ya 1950 kwamba wanapunjwa katika mizani ya wanunuzi, wakaweka wapimaji wao wenyewe ili kuhakikisha uzito. Juhudi zile zilizaa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, ambao Paul Bomani alikuwa kiongozi wake mashuhuri. Wakulima wale hawakudai mizani iondolewe, wala hawakudai kila gunia liandikwe uzito mmoja. Walidai waione mizani, na awepo mtu wao karibu nayo. Ndivyo wadaivyo watoto wao na wajukuu wao leo, ijapokuwa wanachouza hakitiwi katika gunia.

Tufanye nini basi? Kwa vijana nina maneno matatu. Kwanza, wekeni kumbukumbu: kila mapatano, kila barua, kila saa ya kupeleka kazi, ziandikeni mahali penu wenyewe, maana asiye na stakabadhi hana kesi. Pili, msiweke sifa yenu yote katika soko moja. Mteja mwema mwombeni awape barua ya sifa ambayo ni mali yenu. Tatu, msiazimane akaunti wala kuzikodisha, kama nisikiavyo wengine wafanyavyo. Kumuuzia mwenzako jina lako jema ni kutia mawe katika gunia, na mwenye kutia mawe hawezi kusimama akadai mizani ya haki.

Kwa Umoja naomba chumba kimoja katika jengo letu jipya, chenye betri za kutunza umeme na mtandao wa uhakika, ili vijana wakiungana katika chama chao wasipunguziwe alama kwa kosa la nguzo. Gharama yake si kubwa kuliko matengenezo ya lori moja.

Lakini neno langu la mwisho latuhusu sisi wenyewe, nalo ndilo zito. Mbele ya Mkutano Mkuu huu kuna pendekezo la kutumia programu ya simu itakayompa kila mwanachama alama, na alama hizo ndizo zitakazoamua nani atangulie kupata mkopo wa pembejeo. Mimi mwenyewe nilishiriki kuliandika pendekezo hilo, nami silipingi. Walakini nikilisoma usiku, naliona daftari langu la zamani limevaa nguo mpya. Itakuwa aibu tulalamike juu ya masoko ya mbali, kisha tuwafanyie wanachama wetu yale yale.

Kwa hiyo naomba wajumbe walipitishe kwa masharti matano. Kila mwanachama aone alama zake na uzito wa kila jambo lililohesabiwa, katika lugha aielewayo. Asiandikwe kosa kwa jambo lisilokuwa katika uwezo wake, kama mto, barabara au ugonjwa. Pasiwe na neno la siri juu ya mwanachama ambalo halimfikii mwenyewe. Mwanachama mpya apewe mkopo mdogo wa kujaribiwa, asiwekwe nyuma kwa sababu hajulikani. Na anayedai kupimwa tena asikilizwe na watu wasiokuwa wale waliompima kwanza, awe mkubwa au mdogo.

Masharti haya yatatupa kazi zaidi sisi makarani. Nayasema nikijua hivyo. Mama yule mjane yu hai, naye ni mwanachama wa Umoja huu. Pendekezo likipita, jina lake litakuwa miongoni mwa majina ya kwanza kuingizwa katika simu. Akija tena mezani kuuliza amekosa nini, nataka karani atakayekuwapo awe na jibu, tena liwe la kweli.

Nawatakia nyote heri ya miaka kumi iliyopita, na uangalifu katika kumi ijayo.